Kuulizwa si Kutukanwa

Jioni moja baada ya sala ya alasiri nilikuwa nimeketi barazani Port Reitz, kwa mzee mmoja ambaye jina lake nitalisitiri. Mzee huyu alifanya kazi ya bandari pale Kilindini miaka mingi mpaka akastaafu, na nyumba yake ni katika zile ambazo mlango haufungwi mchana. Kahawa ilikuwa imekwisha miminwa, na mazungumzo yalikuwa ya kawaida: bei ya unga, mpira, na kelele za ndege zinapotua.

Ndani ya nyumba alikuwamo kijana wake wa kiume. Kwa muda wa miezi mitatu kijana huyo alikuwa halali usiku. Alikuwa akisema na watu wasioonekana, na siku nyingine akikataa chakula kwa kudai kwamba kimetiwa sumu. Babaye alikuwa amemleta mwalimu kutoka Likoni kuja kumsomea, si mara moja wala mbili. Kila akisomewa hutulia siku mbili tatu, kisha hali ile humrudia.

Mara akafika mpwa wa mzee, binti aliyesomea uuguzi. Akatoa salamu, akambusu mjomba wake mkono, akaingia ndani kumtazama nduguye. Alipotoka alisema mbele yetu sote: “Mjomba, haya si majini. Majini ni ujinga wa watu wa zamani. Huyu ni mgonjwa, na hospitali iko hapo tu.”

Kwa hakika hospitali iko hapo tu. Hospitali ya Port Reitz ina wadi ya wagonjwa wa akili, na watu wa Mombasa wanaijua. Lakini mzee alisimama ghafla hata kikombe cha kahawa kikamwagika. Akamwambia: “Umekuja kwangu kunitukania wazazi wangu? Mama yangu alisomewa katika nyumba hii hii akapona. Na yeye alikuwa mjinga? Nenda zako, na usinirudie hapa.” Binti akaondoka huku akilia, nasi tuliobaki tukawa tunatazama viatu vyetu.

Nilirudi nyumbani nikilifikiri neno moja. Yule binti hakumtaja nyanya yake hata kidogo. Alizungumza juu ya ugonjwa wa kijana. Basi ilikuwaje maneno yaliyotoka kinywani mwake yakiwa habari ya ugonjwa yakafika sikioni mwa mzee yakiwa matusi ya mama yake? Na kwa nini jambo hili linatupata sote, kila mmoja kwa lile analoliamini?

Hata wenye elimu

Jibu ambalo wengi hulitoa upesi ni kwamba mzee yule hakusoma, na asiyesoma huwa mkali. Jibu hili ni jepesi, na si la kweli. Hebu na tutazame kisa cha watu waliosoma kuliko wengi wa zama zao.

Katika mji wa Vienna, nchi ya Austria, palikuwa na hospitali kubwa yenye wadi mbili za uzazi. Wadi moja ilihudumiwa na madaktari na wanafunzi wao, na ya pili ilihudumiwa na wakunga. Wanawake waliojifungua mikononi mwa madaktari walikuwa wakifa kwa homa ya uzazi kwa wingi kuliko wale wa wakunga, hata wanawake wakawa wanaomba wasipelekwe huko. Daktari mmoja kijana aliyeitwa Ignaz Semmelweis akagundua sababu mwaka 1847. Madaktari walikuwa wakipasua maiti kwa ajili ya masomo, kisha wakitoka hapo huenda moja kwa moja kuwazalisha wanawake, bila ya kuosha mikono ipasavyo. Akaamuru kila mtu aoshe mikono kwa maji yenye dawa ya klorini. Mwaka 1846, katika kila wanawake 100 waliojifungua katika wadi ile, walikufa kama 11. Mwaka 1848 walikufa kama mmoja tu katika 100.

Mtu angedhani kwamba madaktari wale wangemshukuru. Kumbe wengi wao walimpinga, wakamcheka, na mwaka 1849 akaikosa kazi yake pale. Semmelweis naye akawa mkali. Baadaye aliandika barua za wazi akiwaita wakubwa wa udaktari kuwa ni wauaji, na kadiri alivyozidi kuwatukana ndivyo walivyozidi kuziba masikio. Alifariki mwaka 1865 katika hospitali ya wagonjwa wa akili, na ukweli wake ukakubaliwa yeye akiwa kaburini.

Hapana msikiti katika kisa hiki, wala hapana kanisa. Ni hospitali, na ni hesabu za waliokufa na waliopona. Basi kilichowaghadhibisha madaktari ni nini? Fikiri, msomaji, kwamba wewe ni daktari wa miaka 30 kazini, kisha mtu akwambie uoshe mikono kwa sababu mikono michafu huua. Ukikubali, umekubali pia jambo la pili ambalo hakulitamka, nalo ni kwamba wale akina mama wote uliowazika uliwaua wewe. Kuosha mikono ni jambo rahisi, lakini jambo hili la pili ni zito mno, na moyo hutafuta kila njia ya kulikimbia. Njia iliyo karibu zaidi ni kumkasirikia aliyeuliza.

Hapa ndipo tunapomfahamu mzee wetu wa Port Reitz. Swali la mpwa wake lilikuwa na mashitaka mawili yaliyofichika ndani yake. La kwanza ni juu ya mama yake, kwamba alidanganyika. La pili ni juu ya nafsi yake, kwamba amemwacha mwanawe akiteseka miezi mitatu ilhali tiba ilikuwa mlangoni. Shitaka la kwanza alilijibu kwa sauti kubwa. La pili hakulitaja, na nadhani ndilo lililomchoma zaidi.

Kwetu Pwani

Sisi watu wa Pwani hatuna haja ya kwenda Vienna kutafuta mifano. Mwaka 1930 hapa Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianza kutoa kijarida chake Al-Sahifa, na mwaka 1932 akatoa gazeti la Al-Islah. Aliandika kwa Kiswahili ili watu wa kawaida wafahamu. Aliwauliza Waislamu wenzake maswali mazito: kwa nini wamebaki nyuma, kwa nini watoto wa kike hawasomeshwi, na kwa nini mambo mengine ya mila yamechanganywa na dini mpaka watu hawajui tena lipi ni lipi. Sheikh Al-Amin hakuwa mgeni. Alizaliwa Mombasa mwaka 1891 katika ukoo wa maulamaa, alikuwa wa madhehebu yale yale ya Shafii, na alikuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia mwaka 1937 hadi alipofariki mwaka 1947. Pamoja na hayo yote, wako waliomchukia na kumwona kuwa amekuja kubomoa walichojenga wazee.

Baada yake mzigo ule ulichukuliwa na Sheikh Abdalla Saleh Farsy, mzaliwa wa Unguja, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu mwaka 1968. Tafsiri yake ya Kurani kwa Kiswahili, iliyotolewa kwa ukamilifu mwaka 1969, ingali katika nyumba nyingi za Pwani mpaka leo. Lakini alipoandika juu ya mambo aliyoyaona kuwa ni bidaa, majibu yalimjia kwa vitabu, kwa mawaidha, na kwa maneno makali ya barazani. Mtu aliyeswali nyuma ya imamu mmoja kwa miaka mingi alihama msikiti. Ndugu hawakuhudhuria hitima za ndugu zao.

Sasa tutazame upande wa pili, ili isidhaniwe kwamba mwenye kuuliza siku zote huwa upande mmoja. Habib Saleh, Sharifu aliyezaliwa Ngazija akaja kukaa Lamu, hakuja kuondoa mila. Yeye alileta jambo ambalo watu hawakulizoea. Aliwasomesha watu ambao wakubwa wa mji waliwadharau, wakiwemo watumwa na watoto wao, na akaleta maulidi yanayosomwa kwa matwari. Wakubwa wa Lamu walighadhibika. Kwao wao, matwari katika ibada yalikuwa ni uzushi, na kumsomesha mtumwa kulikuwa ni kuuvuruga mji. Habib hakurudi nyuma. Msikiti wa Riyadha ukasimama pale Langoni, na maulidi yale yakaenea pwani nzima.

Leo miaka zaidi ya 100 imepita. Nenda ukamwambie mtu wa Lamu kwamba matwari yale hayana asili, uone atakavyokukasirikia. Atakwambia kwamba hayo ndiyo aliyomkuta nayo baba yake na babu yake. Na ni kweli, ndiyo aliyowakuta nayo. Lakini babu wa babu yake huenda alikuwa miongoni mwa wale waliokasirika matwari yalipoingia.

Mimi sikusudii hapa kuamua nani ana haki juu ya maulidi. Maulamaa wamelizungumza jambo hilo kwa dalili zao, na makala hii si mahali pake. Ninalotaka kuonyesha ni kwamba ghadhabu haipimi kama jambo ni la kale au ni jipya, wala kama ni sahihi au si sahihi. Tunawatetea watu waliotupa jambo lile: baba aliyetushika mkono kwenda msikitini, mama aliyetufunika shuka huku akisoma, mwalimu aliyetufundisha alifu na be. Wengi wao wamekwisha kufa, hawawezi kujisemea. Kwa hivyo anapotokea mtu akaliuliza jambo lao, sisi hujiona ndio mawakili wao, na wakili huja tayari kupambana.

Gharama ya imani

Iko sababu nyingine, nayo ni gharama. Mwaka 1954, huko Chicago, Marekani, palikuwa na kikundi cha watu walioamini kwamba gharika kuu ingekuja tarehe 21 Desemba, na kwamba wao wangekuja kuchukuliwa na chombo kutoka angani. Baadhi yao waliacha kazi zao na mali zao. Mtaalamu wa elimu ya nafsi aliyeitwa Leon Festinger pamoja na wenzake walikaa kati yao kutazama litakalotokea. Siku ikafika, gharika haikuja. Je, waliona haya wakatawanyika? Wako walioondoka, lakini wale waliokuwa wamepoteza mengi kwa ajili ya imani ile walizidi kushikilia, na wakaanza kuwatangazia watu kwa bidii kuliko mwanzo. Walisema ulimwengu umeokolewa kwa sababu yao.

Tusiwacheke. Mtu aliyeuza kiwanja ili kulipa kitu fulani hawezi kuambiwa kwa urahisi kwamba kitu kile hakifai. Kadiri tulivyokilipia kitu, ndivyo tunavyoona uchungu kuulizwa bei yake. Mzee wetu alikuwa amelipa nauli, amelipa sadaka, amekesha usiku mwingi, na mwanawe amepoteza miezi mitatu ya ujana wake. Yote hayo yalikuwa mezani pale mpwa wake aliposema neno moja, “ujinga”.

Kuna swali na kuna kejeli

Haifai, hata hivyo, kuwabebesha lawama yote wale wanaoulizwa. Maswali mengine hayaulizwi ili kujua. Tangu miaka ya 1980 Pwani na Tanzania zimeona mihadhara ya hadharani, ambamo mtu wa dini moja husimama na kitabu cha dini nyingine mkononi, na kila mmoja hutafuta aya ya kumnyamazisha mwenzake huku wafuasi wakishangilia. Katika mkutano kama huo, mtu akikubali hoja hata moja anaonekana ameshindwa. Hapo swali limekuwa jiwe, na mwenye kupigwa jiwe halaumiwi akilia.

Yule binti hakuwa na kejeli, alikuwa na huruma. Lakini alikosea mambo mawili. Alilisema mbele ya watu, akamfanya mjomba wake achague kati ya mwanawe na heshima yake barazani. Na alitumia neno la kuwahukumu wafu kabla ya kumtibu aliye hai.

Kurani imetusimulia namna nyingine. Nabii Ibrahimu alimuuliza baba yake juu ya masanamu, na hilo lilikuwa ni swali kubwa kuliko maswali yote. Katika Sura ya Maryam, mara nne alimwita kwa jina la mapenzi la mtoto kwa babaye. Baba akamjibu kwa kumtishia kumpiga mawe. Ibrahimu akamrudishia salamu, akamwahidi kumwombea. Na Musa na Haruni walipotumwa kwa Firauni, ambaye hapana jeuri kuliko yeye, waliamriwa wamwambie maneno laini. Ikiwa Firauni alistahili maneno laini, mjomba wetu je?

Na kwa yule anayeulizwa, iko funzo katika imamu wetu wenyewe. Imamu Shafii, aliyefariki Misri mwaka 820, alikuwa na rai zake alipokuwa Iraki. Alipohamia Misri akazitazama upya, na nyingine akazibadilisha. Wanafunzi wa fikihi wanazijua mpaka leo kwa majina ya kauli ya kale na kauli mpya. Hapana aliyesema kwamba Shafii alijitukana. Sisi tunaojiita wafuasi wake mbona tunaona kubadili rai ni kufa?

Jina la mtaa wetu

Hata jina la Port Reitz lina funzo ndani yake. Mwaka 1824 Wamazrui waliokuwa wakitawala Mombasa walitaka hifadhi ya Waingereza, na nahodha Owen akamwacha hapa ofisa mmoja kijana wa jeshi la majini, Luteni John James Reitz. Haukupita mwaka, Reitz akafariki kwa homa, na jina lake likabaki katika mkono huu wa bahari. Madaktari wa Ulaya wa zama zile waliamini kwamba homa ya namna hiyo huletwa na hewa mbovu inayotoka katika mabwawa. Neno lenyewe “malaria” asili yake ni Kitaliana, na maana yake ni hewa mbovu. Ilikuwa mpaka mwaka 1897, huko Bara Hindi, ndipo Ronald Ross alipoona vijidudu vya malaria ndani ya mbu.

Je, madaktari wa mwaka 1824 walikuwa wajinga? La. Walisema lile ambalo zama zao zilikuwa zinalijua, na walikesha na wagonjwa wao kama tunavyokesha sisi. Leo tunatumia chandarua bila ya kuwatukana. Vivyo hivyo mwana anaweza kulala ndani ya chandarua ambacho babu yake hakukijua, na bado akamwombea babu yake rehema kila Ijumaa.

Dada mkubwa

Nilipopita tena baraza lile wiki ya pili yake, nilikuta mambo yamebadilika, na nikasimuliwa yaliyotokea. Dada mkubwa wa mzee alikuja kutoka Kisauni. Hakusema neno barazani. Aliingia ndani, akaketi na nduguye, wakazungumza habari za mama yao, namna alivyougua na namna alivyosomewa akapona. Wote wawili wakalia kidogo. Kisha akamuuliza: “Na baba aliposhikwa na homa, tulifanyaje?” Mzee akasema: “Tulimsomea.” Dada akasema: “Tulimsomea, na wewe ndiye uliyekwenda mbio kumletea kwinini. Mama alikukataza?” Mzee akasema hakumkataza. “Basi mwalimu na asome, na daktari na atazame. Kisomo ni cha Mungu na dawa ni ya Mungu.”

Mzee hakujibu usiku ule. Asubuhi alivaa kanzu yake, akamshika mwanawe mkono, wakaenda hospitali kwa miguu.

Sitasema kwamba kijana amepona, kwa sababu maradhi ya namna hii yanataka muda. Anatumia dawa, na usiku analala. Mwalimu wa Likoni bado anakuja, na kisomo hakikukatika. Kuhusu yule binti, alikaa muda bila ya kukanyaga nyumba ile, hata siku ya Idi alipokuja na wenzake kutoa mkono wa Idi. Mzee aliutoa mkono wake, akabusiwa, kila mtu akanyamaza. Kisha mzee akauliza, huku akitazama pembeni kama mtu asiyeuliza kitu: “Ile dawa ya asubuhi, hunywewa kabla ya chakula au baada?”

“Baada, mjomba,” akajibu binti. Akavua viatu, akaingia ndani kumwonyesha.

Wazee walisema maneno mazuri humtoa nyoka pangoni. Mimi naongeza kwamba yule aliyemo pangoni mara nyingi si nyoka. Ni mtu kama sisi, anaogopa kwamba akitoka atakuwa amewaacha wazazi wake peke yao gizani. Ukitaka kumuuliza, mwonyeshe kwanza kwamba wazazi wake wako salama nawe. Na wewe unayeulizwa, kabla hujasimama na kumwaga kahawa, jiulize kidogo: je, huyu amemtukana mama yangu, au ameuliza habari ya mwanangu?